Beseni la Kitanda cha Nne

Masjala,
Chuo cha Madaktari Bingwa,
Jumanne asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, si umejikunja kwenye kochi la chumba cha zamu kama wifi anavyolalamika kila nikimpigia simu. Anasema siku hizi unarudi nyumbani kwa nadra hadi mbwa wenu anakubwekea kama mgeni. Wanangu hawajambo? Yule mdogo ameshaacha kula chaki? Mimi huku ni mzima, isipokuwa mgongo, na miwani nimeongezewa nguvu tena. Ungekuwa karibu ningekuomba unitazame, ila najua ungeniambia nipunguze kukaa. Mganga hajigangi, na dada yake naye hamgangi.

Najua umeona nembo ya Chuo kwenye bahasha ukakunja uso. Ndiyo maana anwani nimeiandika kwa mkono wangu, tena kwa herufi kubwa, usije ukaitia barua kwenye pipa ukidhani ni Rais wa Chuo anakuandikia mara ya tatu. Ameniambia mwenyewe kwamba amekuandikia mara mbili na hukujibu. Hakusema kwa hasira, si mtu wa hasira, ni mama mmoja bingwa wa mapafu anayesema polepole kana kwamba anawatunzia pumzi wagonjwa wake. Alisema tu kwamba hospitali yako huko imetimiza kila sharti la kuwa kituo cha mafunzo isipokuwa moja, yaani daktari mkuu wake awe ametia sahihi katika Kitabu cha majina ya mabingwa. Usipotia, wale madaktari vijana wako saba watalazimika kukuacha waje kujifunzia huku mjini, ndipo waruhusiwe kufanya mtihani wa ubingwa. Ukija ukatia sahihi, watabaki. Hilo unalijua, na najua linakunyima raha, maana wifi hafichi kitu.

Sikuandikii kukusukuma. Kwa miaka kumi na sita sijakugusia habari ya Kitabu hata mara moja, na leo ninakugusia kwa sababu nimepewa kazi ambayo haikuniachia njia ya kuikwepa. Chuo kinatimiza miaka arobaini, na Rais ameniagiza niandike historia yake. Wenye digrii walinuna kidogo, lakini alisema mimi ndiye ninayejua kila karatasi inalala wapi. Ni kweli. Miaka ishirini na miwili nimo humu masjala, kati ya makabati ya chuma na feni inayolia, na mpaka leo kila Januari huja mzazi kuniomba fomu za kujiunga. Inabidi nimweleze taratibu kwamba Chuo chetu hakina darasa hata moja wala mwanafunzi wa kulala bweni; ni umoja wa madaktari wanaotahiniana na kupeana ubingwa. Mmoja aliniuliza, kama ni hivyo, kwa nini mnajiita chuo? Nilimpa chai.

Basi kaka, nimeingia kutafuta tarehe nikatoka na mambo ambayo yamenifanya niwaheshimu wazee hawa kuliko nilivyowahi kuwaheshimu. Nitakusimulia machache, nawe univumilie, kwa sababu la kwangu limo ndani yake.

Walianza wakiwa madaktari saba, katika stoo ya filamu za eksirei, kwa kuwa ndicho chumba pekee hospitalini kilichokuwa na kufuli na feni. Wakati huo aliyetaka ubingwa alilazimika kwenda ng'ambo kutahiniwa na watu wasioyajua magonjwa yetu. Nimekuta barua ya mmoja wao aliyeulizwa kuhusu vidole vilivyoganda kwa theluji, akajibu kwamba theluji yeye ameiona kwenye kalenda tu. Walimfelisha. Alirudi akawaambia wenzake kwamba inatosha, tutajitahini wenyewe. Huyo ndiye Mzee Koti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya koti lake zito la sufi ambalo hakulivua hata jua likiwa la utosi, na ndiye waliyemchagua kuwa mwenyekiti.

Hapo likazuka swali. Kama hakuna bingwa aliyetahiniwa na Chuo, ni nani atakayewatahini watu wa kwanza? Wengine walipendekeza wajitunuku tu, kwani wao ndio waanzilishi, nani angewauliza? Mzee Koti alikataa katakata. Alisema mtu akijivika taji mwenyewe litamdondoka siku ya upepo. Wakakubaliana kwamba kila mmoja wa wale saba atafanya mtihani mbele ya wenzake sita, kwa wagonjwa halisi, na atakayeshindwa ameshindwa. Nimeisoma karatasi hiyo mara nne, na kila nikiisoma nasisimka. Watu wazima wenye mvi, wakuu wa wodi, walipiga kura ya kuokota vikaratasi kwenye kofia ili kupanga zamu, kisha wakatoka mmoja mmoja na vifaa vyao shingoni, wakitokwa jasho kama watoto wa darasa la saba.

Katika kitanda cha nne alilazwa mama.

Unajua sehemu ya hadithi hii. Unajua kwamba aliugua homa ya baridi yabisi utotoni, na kwamba vali moja ya moyo wake ilibana ikatoa mlio uliokuwa wazi kiasi kwamba madaktari waliukubali kuwa mfano. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiusikiliza kwa ile faneli ya jikoni, mama akikucheka kwamba utamtia mafuta kifuani. Usichokijua, na hata mimi sikukijua mpaka mwezi uliopita, ni yaliyotokea siku ile ya kwanza. Mtahiniwa wa tano alimsikiliza, akageuka kwa watahini, akautaja ugonjwa bila kukosea hata neno. Kisha mmoja wa watahini, kwa adabu tu, akamuuliza mgonjwa kama ana la kusema. Walitarajia aseme asante. Mama akasema analo. Akasema kwamba huyo mwenye koti amefika kifuani kwake kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe, hakumwambia jina lake, hakumwomba ruhusa, na mikono yake ilikuwa baridi kama ya muuza barafu.

Kaka, walijifungia stoo saa mbili nzima. Kisha wakaandika, na mwandiko ni wa mwenyekiti mwenyewe, kwa maana katibu alikataa kuyaandika: "Mtahiniwa wa tano, ambaye ni Mwenyekiti, ameshindwa. Ugonjwa ameutaja sawasawa. Jina lake hakulitaja kwa mgonjwa, ruhusa hakuomba, na mikono ilikuwa baridi. Atarudia mwakani." Kwa mwaka mzima Chuo kiliongozwa na mtu aliyefeli mtihani wa Chuo hichohicho, naye kila barua alitia sahihi hivyo, "Mwenyekiti, mtahiniwa anayerudia." Nimezikuta zote. Sijui ni ofisi gani nyingine ungeweza kukuta kitu cha namna hiyo.

Mama alipoambiwa ni nani aliyemwangusha, hakutishika. Alisema basi mwakani mleteeni maji ya moto anawe kwanza. Mwaka uliofuata Mzee Koti alikuja na beseni la bati chini ya kwapa, akaliweka kando ya kitanda cha nne, akajitambulisha, akaomba ruhusa, akanawa, akafaulu. Na hilo ndilo beseni linalowekwa mezani hadi leo, ambamo kila bingwa mpya hunawa mikono kabla ya kutia sahihi. Watu wameshasahau limetoka wapi. Kila mwaka mgeni rasmi hulitolea maana yake: mmoja alisema ni usafi wa nia, mwingine akatupeleka hadi kwa Wayunani wa kale, na mwaka juzi waziri mmoja alisema ni ishara ya kuaga ujana. Mimi nikiwa nyuma kwenye benchi la watumishi nilidhani nao wanajua wanachosema. Kumbe ni mama yetu na mdomo wake.

Alirudi kitandani pale mwaka baada ya mwaka, miaka kumi na sita. Unakumbuka alivyokuwa akijiandaa? Gauni la kola nyeupe, viatu vilivyopigwa rangi tangu jana yake, na akiulizwa na majirani anakwenda wapi anajibu, "Kazini, Chuoni." Katika faili za mitihani nimekuta watahini wameandika pembeni maneno yake. Fulani ana haraka. Fulani ana mikono mizuri lakini anaongea na ukuta. Huyu mpeni, hata kama amekosea kidogo, amenifunika shuka kabla ya kuondoka. Kaka, walimpa kweli. Mabingwa wengi wa nchi hii walipita mikononi mwa mama kabla mgonjwa mwingine hajapita mikononi mwao.

Sasa nafika kwenye kidonda chako. Nayakumbuka maneno yako siku ya msiba wa mama. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari, ulikuwa umeshajifunza kwamba vali ya namna ile hufanyiwa upasuaji, na ulimkuta Mzee Koti amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ulimwambia mbele ya watu kwamba wamemfanya mama yako kitabu, wakakisoma mpaka kikachanika, na hakuna aliyefikiria kukitia jalada. Yeye hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, akatupa pole, akaondoka kwa miguu. Miaka saba baadaye ulifanya mtihani ukawapita wote, halafu siku ya sherehe hukutokea. Tangu hapo mstari wa mia mbili na kumi na mbili uko wazi, namba imeandikwa kwa penseli, kwa sababu kanuni yao ni kwamba mstari wa mtu hapewi mwingine. Kila mwaka jina lako huitwa. Ukumbi hukungoja kwa muda wa pumzi tatu, kisha wanaendelea. Mimi ndiye ninayefuta vumbi la Kitabu, na mstari huo nimeufuta vumbi mara kumi na sita.

Vuta kiti kaka, maana ninayokuambia sasa nilipaswa kukuambia pale mlangoni, kabla hujamaliza kusema.

Walifikiria. Walimwandikia mama mara tatu. Upasuaji ule ulipoanza hapa kwetu, jina la kwanza ambalo Mzee Koti aliliweka kwenye orodha lilikuwa la mama. Barua ya kwanza ilikuja nikiwa na miaka kumi na minne, wewe uko bweni. Unajua mama kusoma hakujua, na unajua kwa nini aliniita Karani. Nilimsomea, akacheka, akaniambia nijibu kwamba moyo wake una kazi, hauwezi kuchukua likizo. Akanikataza nisikuambie, kwamba una mitihani. Ya pili ilikuja baada ya miaka miwili, tukajibu vivyo hivyo. Mimi nilimwamini. Leo ndio najua kwamba alikuwa akiogopa kisu, na kwamba alikuwa na kiburi cha kutosema.

Ya tatu ilikuja nikiwa na miaka kumi na saba. Wiki hiyo mama alikuwa ameanguka bombani, ndoo ikamwagika, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Nilimsomea. Akaanza kukusanya nguo za kufua, akasema, "Karani, safari hii jibu unavyoona wewe." Akaenda uani kufua, akanipa mgongo.

Mimi niliona nini, kaka? Nilimwona mama wa kitanda cha tatu, yule aliyekuwa akija naye mitihani, ambaye alikubali mwaka uliotangulia akaingia chumba cha upasuaji na hakutoka. Niliiona nyumba bila mama, wewe uko mbali, mimi peke yangu na sufuria. Nikaogopa. Nikachukua karatasi ya mistari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa kwamba mama ameshukuru lakini ameamua hapana, tafadhali wasimsumbue tena. Mama aliporudi ndani hakuniuliza nimeandika nini. Aliniuliza tu kama nimebandika stempu. Alifariki baada ya miaka miwili, na wewe uliporudi kuzika ukamvamia Mzee Koti, mimi nilikuwa nyuma yako, na nilinyamaza. Nimenyamaza tangu siku hiyo. Sijui mama alitaka niandike nini. Hilo sitalijua kamwe, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Mwezi uliopita nilifungua kabati la mwisho, nikakuta faili jembamba limeandikwa "Kitanda cha Nne". Barua zangu zote tatu zimo. Chini ya ile ya tatu Mzee Koti ameandika kwa wino: "Mwandiko wa mtoto. Nilipaswa kwenda mwenyewe." Basi. Na mwaka uliofuata, ndani ya kanuni za Chuo, ikaingia ile ya kumi na moja ambayo nasikia unawakaririsha vijana wako bila kujua ilikotoka: kwamba habari nzito ya ugonjwa haipelekwi kwa barua, daktari ataifikisha mwenyewe, ameketi.

Nilikwenda nyumbani kwake siku hiyohiyo. Ana miaka themanini na minane, macho yamefifia, koti bado analo. Nilimwambia kila kitu nikilia mpaka mkaza mwanawe akaja kuchungulia. Alisema anajua. Alihisi tangu ile barua ya tatu, akathibitisha siku aliyonipa jaribio la kuandika wakati wa kuniajiri, na alinipa kazi hivyo hivyo, kwa kuwa mwandiko ulikuwa mzuri. Nikamuuliza kwa nini siku ya msiba hakusema neno, barua zikiwa mezani kwake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Akasema zilikuwa siri za mgonjwa. Alikubali utukanwe uongozi wake, kitukanwe Chuo chake, na aliyekuwa na hatia amesimama hatua tatu kutoka kwake na kitambaa kichwani, na hakunitazama hata kwa jicho la pembeni. Kaka, mimi nimeishi na watu wengi, sijamwona mwingine kama huyu.

Nilimwomba ruhusa niandike habari ya mama katika historia. Alikataa kutoa. Alisema mgonjwa akishafariki siri inabaki kwa watoto wake, na watoto wake ni wawili. Kwa hiyo ukurasa wa arobaini na moja nimeuacha mtupu mpaka nipate neno lako. Ukisema usiandikwe, hautaandikwa, na waziri ajaye atatuambia tena habari za Wayunani.

Ndani ya bahasha utakuta ile barua ya tatu, yenyewe, si nakala. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kutoa karatasi halisi nje ya masjala, na nimewagombeza maprofesa kwa kosa dogo kuliko hili. Ichane ukitaka, au iweke. Ukinikasirikia una haki, tena ya siku nyingi. Ninachokuomba ni kwamba hasira hiyo uihamishie inakostahili, uitoe kwa mzee wa watu na kwa Kitabu, na usiwaadhibu vijana wako saba kwa kosa la msichana mwoga.

Sherehe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Jina lako litaitwa kama kawaida. Taulo atashika Mzee Koti, kwa kuwa ndiye mkubwa kuliko wote, na amesema atasimama, kiti hataki. Maji nitatia mimi. Nimeomba kazi hiyo na nimepewa. Nitayapima kwa kiwiko kama mama alivyokuwa akipima kabla ya kutuogesha. Usiponisamehe njoo hivyo hivyo, usinisalimie, unawe tu na utie sahihi.

Nisalimie wifi sana, mwambie lile gauni alilonishonea limenibana, kosa si lake. Wabusu wanangu. Mbwa naye msalimie, akikukumbuka.

Na kaka, ukifika pale mezani, tumbukiza kidole kwanza. Yakiwa baridi, sema. Mama angesema.

Ni mimi mdogo wako,
Karani.